“Umeliona ukurasa wa ngapi?” Namna ya kuifikisha timu ya watathmini kwenye mwafaka

Juzi mpwa wangu aliyeko Dodoma alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Ya kwanza ilikwisha kwa shikamoo na kuulizia theluji. Tano zilizobaki zilikuwa malalamiko. Wamewekwa watu watano kuchagua vikundi vya wasindikaji wa vyakula vitakavyopewa tuzo, yeye ndiye mwenyekiti, na siku mbili nzima wamebishana kama kikundi kimoja cha siagi ya karanga kipewe 60 au 75. “Shangazi, mwisho tukagawanya katikati, tukaandika 67 na nusu, tukaenda kula. Sasa tumeambiwa tuwaandikie waombaji mrejesho, na hakuna anayejua tuwaambie nini.”

Hiyo 67 na nusu ndiyo iliyoninyima usingizi.

Mimi ni mtu wa maabara ya hospitali. Nilisomea Muhimbili, maisha yakanileta Marekani, na huku mwaka wa tisa sasa ninajitolea kuwa mtathmini wa tuzo ya ubora ya jimbo ninaloishi, inayopewa taasisi zinazoendesha kazi zao vizuri. Minne ya mwisho nimekuwa kiongozi wa timu. Tuzo hizi za majimbo zimeshonwa kwa kitambaa cha ile ya taifa, Tuzo ya Ubora ya Malcolm Baldrige, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1987, enzi ambazo viwanda vya Marekani vilikuwa vinapigwa kumbo na vya Japani. (Wajapani walikuwa na Tuzo yao ya Deming tangu 1951.) Baldrige alikuwa Waziri wa Biashara wa Rais Reagan, Julai ya mwaka huohuo farasi alimwangukia katika mazoezi ya rodeo, akafa, na tuzo ikachukua jina lake.

Vigezo nilivyofundishwa navyo vina sehemu saba na alama 1,000: uongozi, mkakati, wateja, upimaji na maarifa, wafanyakazi, uendeshaji, halafu matokeo, ambayo peke yake yamebeba 450. Mwombaji anajieleza kwa kurasa zisizozidi hamsini. Wanaoshinda ni wachache, na kuna miaka wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wote, waliolipa ada na kukesha miezi wakiandika, wanaondoka na kitu kimoja tu, nacho ni ripoti ya mrejesho. Kwa hiyo ninapoongoza timu, najiambia kazi yetu ni kuandika hiyo ripoti. Alama ni kivuli chake. Kamati ya mpwa wangu ilianza na kivuli.

Kabla hamjakutana

Kila mtu asome peke yake, aandike maoni yake, na ayakabidhi kabla hajaona ya mwenzake. Hapa sina huruma. Mtu akishasikia kwamba “wenzako wengi wamependa sehemu ya wateja,” jicho lake halitaona tena kilichopo, litaona kilichosemwa. Kwenye timu zetu kila mtathmini huandika maoni kama sita kwa kila kipengele (fungu dogo ndani ya zile sehemu saba), yaliyo mema na fursa za kuboresha, na kila oni linataja ukurasa au chati lilikotoka. Oni lisilo na ukurasa nalirudisha lilikotoka.

Maslahi nayo yaulizwe siku ya kwanza, kwa sauti, na kila mtu ajibu. Nani ana ndugu pale, nani ana deni pale, nani aliwahi kufukuzwa kazi pale? Huku jimboni ni fomu ya kusaini tu. Nyumbani, ambako mji mzima mnajuana, ni jambo zito zaidi: kumbe mjumbe mmoja wa kamati ya Dodoma ana shemeji kwenye kikundi kimojawapo, na alidhani kukaa kimya kunatosha. Hakutoshi. Atoke chumbani mwombaji huyo anapojadiliwa. Uso wa shemeji unasema hata akifunga mdomo.

Halafu kuna kikao cha kwanza, ambacho viongozi wengi wa timu hukiruka kwa sababu kinaonekana cha kupoteza muda. Ni saa moja ya kukubaliana mwombaji ni nani. Anauza nini, kwa nani, wateja wake wanataka nini hasa, anapambana na nini, amesema mwenyewe kwamba kipi ni cha kufa na kupona. Ukurasa mmoja, basi. Nimegundua kwamba magomvi mengi ya baadaye ni ya watu waliosoma kurasa zilezile hamsini wakiwa na waombaji wawili tofauti kichwani. Mmoja anawaza hospitali kubwa ya mjini, mwingine anawaza hospitali ya wilaya yenye zahanati mbili vijijini, na wote wako sahihi kwa sababu ni hospitali moja. Mkikubaliana mapema kwamba zahanati zile mbili ndiko wagonjwa wengi wapya wanakoanzia, tayari mmemaliza nusu ya ubishi wa wiki ya tatu.

Baada ya hapo gawa vipengele: kila kimoja kipate mwenye nacho, na msaidizi wake. Wengi humpa muuguzi sehemu ya wagonjwa na mhasibu sehemu ya fedha. Mimi hugeuza. Mtaalamu namfanya msaidizi, kipengele nampa asiye wa fani, kwa sababu huyo analazimika kuuliza na kuandika kwa lugha inayoeleweka. Wapo viongozi wenzangu wanaoona huu ni wazimu. Tuendelee.

Mkasi na meza ya chakula

Kazi ngumu kuliko zote hufanywa na mwenye kipengele, usiku, peke yake. Tuseme timu ni ya watu saba. Maoni sita mara saba ni arobaini na mawili, na anatakiwa kuyarudisha yawe sita. Vijana hufanya kwenye Excel. Mimi nayachapa kwenye karatasi, nayakata kwa mkasi, nayatandaza kwenye meza ya chakula, na familia inakulia jikoni kwa muda wa wiki moja. Mume wangu huita msimu huo Ramadhani ya meza.

Kwanza kusanya vipande vinavyozungumzia jambo moja hata kama vimetumia maneno tofauti. “Wafanyakazi wanafunzwa kila mwaka” na “kuna kalenda ya mafunzo” ni kitu kimoja. Utajikuta na vichungu, yaani marundo madogo, kumi au kumi na viwili. Vingine ni vikubwa, na kuna ambavyo vina kipande kimoja tu.

Sasa angalia usifanye kosa nililofanya mimi miaka miwili mfululizo: usihesabu vipande kama kura. Kichungu chenye vipande sita mara nyingi ni jambo lililokuwa rahisi kuonekana, pengine liliandikwa kwa herufi nene ukurasa wa kwanza. Kipande kimoja cha peke yake kinaweza kuwa cha mtu pekee aliyelinganisha chati ya ukurasa wa 38 na ahadi ya ukurasa wa 9. Uliza kila kichungu maswali mawili. Hili linagusa kitu tulichokubaliana kwamba ni cha kufa na kupona kwa mwombaji? Na akilisoma, ana la kufanya Jumatatu asubuhi? Kinachojibu ndiyo mara mbili kinabaki, hata kama mwenye nacho ni mmoja. Vingine vinaenda kwenye bahasha. Havitupwi, kwa sababu kikaoni kuna mtu atauliza, “Oni langu limekwenda wapi?” na ni vizuri kuwa na cha kumwonyesha.

Pale vipande vinapogongana, mmoja akisema jema na mwingine akisema tatizo juu ya jambo lilelile, usichague upande. Viweke ubavu kwa ubavu, vibandike kwa gundi, uandike juu: KIKAONI.

Oni linaandikwaje

Nakaa hapa kidogo kwa sababu nusu ya kutokubaliana ni lugha mbovu. Watu wanabishania sentensi wakidhani wanabishania mwombaji.

Hili ni oni bovu, na niliwahi kuliandika karibu hivihivi:

“Hospitali haina mfumo mzuri wa kushughulikia malalamiko. Inapaswa kununua programu ya kompyuta.”

Ubaya wake uko mahali patatu. Umejuaje kwamba haina? Ulichosoma ni kurasa hamsini, hukufika pale. Andika “haionekani.” “Mzuri” ni neno la kupigania mpaka asubuhi, maana kila mtu ana uzuri wake. Na programu ya kompyuta ni dawa. Wewe hukuitwa kuandika dawa, umeitwa kusema unachokiona. Mtu akisoma “nunua programu” atanunua, itamshinda, na atakukumbuka vibaya.

Timu ile hatimaye ilikubaliana juu ya hili:

“Haionekani jinsi malalamiko yanayopokelewa katika zahanati mbili za nje yanavyounganishwa na yale ya hospitali kuu. Kwa mfano, rejista iliyoelezwa ukurasa wa 17 inataja wodi na maabara za hospitali kuu peke yake. Kwa kuwa mmeeleza kwamba wagonjwa wengi wapya huanzia kwenye zahanati hizo, kuyaunganisha kunaweza kuwasaidia kuzijua kero mapema, kabla mgonjwa hajaamua kutorudi.”

Linasema jambo moja, linatoa mfano wa mahali penyewe, linafunga kwa sababu inayotoka kinywani mwa mwombaji mwenyewe. Mifupa ni hiyo tu. Maoni mema nayo yaandikwe hivyohivyo, maana “hongereni kwa kazi nzuri” haimsaidii mtu kujua asiache kufanya nini. Ukiandika, tumia maneno ya mwombaji. Wao wakisema “wageni wetu” badala ya wagonjwa, wewe nawe andika wageni.

(Namba za kurasa na mengine machache katika mifano hii nimebadilisha. Tunasaini kiapo cha siri, na waombaji wanasoma Kiswahili zaidi ya unavyodhani.)

Ndani ya kikao

Vikao vyetu ni vya simu au video, jioni, baada ya watu kutoka kazini, saa mbili au tatu kwa usiku mmoja, siku kadhaa. Mambo yafuatayo nimeyajifunza kwa kuumia.

Anayeanza kusema ni mgeni kuliko wote, na kiongozi husema mwisho. Hili sikulipata kwenye mafunzo ya Wamarekani. Babu yangu kule Usangi, kikao cha ukoo kikikaa, alikuwa anachonga kijiti chake wala hasemi, mpaka mdogo wa mwisho amemaliza. Nilipokuwa mtoto nilidhani hasikii. Sasa najua kwamba angefungua mdomo mapema, kikao kingekuwa kimekwisha hapo hapo, kila mtu angesema “kama alivyosema mzee.” Kiongozi wa timu ukisema mapema umepiga muhuri bila kujua.

Kimya kwenye simu usikihesabu kuwa kukubali. Mtu amekwenda kugeuza ugali, au ameudhika. Nilipoanza, mimi ndiye niliyekuwa kimya: nimelelewa kutomkatiza mkubwa, nikakuta timu ya Wamarekani wanaozungumza mmoja juu ya mwingine kama dalali wa mnada, nikasubiri nafasi yangu ambayo haikuja mpaka kikao kikaisha. Oni langu la maana kuliko yote mwaka ule halikuingia kwenye ripoti. Kwa hiyo sasa nawaita kwa majina, mmoja mmoja, na kila mtu ana majibu matatu tu: “naafiki,” “naweza kulibeba,” au “bado.”

“Naweza kulibeba” ndiyo jibu ninalolitafuta. Maana yake: nisingeliandika hivi mimi, lakini mwombaji akinipigia simu kesho sitamwambia kwamba sikukubali. Mwafaka ni hapo. Ukisubiri wote saba waseme “naafiki” mtazeekea kikaoni, na ukipiga kura, watatu walioshindwa watakuwa wageni katika ripoti yao wenyewe. Kura mimi huiruhusu kwa jambo la chakula tu.

Anayesema “bado” anaulizwa swali moja, kwa upole, kila mara kwa maneno yaleyale ili lisionekane la kumshambulia: umeliona ukurasa wa ngapi?

Swali hilo ni fupi lakini linachambua. Wapo watakaokujibu, “Ukurasa wa 22, chati ya pili,” wenzao wakafungua, na ubishi ukafa kwa sababu hawakuwa wameiona. Huo ni ugomvi wa kusoma, ndio ulio mwingi. Wapo watakaofungua ukurasa uleule na kila mmoja akauelewa kivyake, hapo rudini kwenye kigezo, mkisome neno kwa neno, maana kwa kawaida mmoja anajibu swali la “mna utaratibu gani” na mwingine anajibu la “mmeufikisha wapi.” Vigezo vya Baldrige vinatenganisha haya makusudi: utaratibu wenyewe, ulivyosambaa, mnavyojifunza na kuurekebisha, na unavyoshikana na mengine. Watu wawili wanaweza kuwa sahihi kabisa, mmoja kwenye la kwanza, mwenzake kwenye la pili.

Halafu kuna asiyekuwa na ukurasa. Huyo amekuja na kwao. “Kwetu kiwandani tulikuwa tunafanya hivi…” Nilikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa kiwanda cha matairi, mtu safi, mwerevu, lakini kila mwombaji alimpima kwa kile kiwanda. Tulikubaliana mwanzoni mwa msimu kwamba anayesema “kwetu kazini” wote tunakohoa. Jioni ya kwanza ilikuwa kama wodi ya kifua kikuu. Jioni ya tatu mzee mwenyewe alianza sentensi, akajikohoza, akacheka, akafungua kurasa.

Inabaki tofauti ya kweli: wote mmeona, wote mmeelewa, na bado hampatani. Ni chache kuliko mnavyofikiri. Ipe dakika kumi kwa saa. Zikiisha, mwenye kipengele na anayepinga wapewe kazi ya kuandika sentensi moja pamoja kabla ya kikao kijacho. Kesho yake karibu kila mara wanarudi nayo, kwa sababu mtu akiwa na kalamu hawezi kupinga tu. Wakishindwa, jambo hilo linakuwa swali la kwenda kuulizwa timu ikitembelea mwombaji. Kama utaratibu wenu hauna matembezi, andikeni kile kidogo ambacho wote mmekiona, muache kingine.

Sasa, alama

Nilikuwa na kipengele cha wateja, kile cha rejista ya malalamiko. Mzee wa matairi alitoa asilimia 35. Mwalimu mmoja, naibu mkuu wa shule, alitoa 65. Kiongozi wetu wa wakati huo, mtu mwenye haraka, akasema, “Basi 50, tuendelee.”

Katika vigezo vile, 30 hadi 45 ni mtu mwenye utaratibu unaofanya kazi na kujibu mahitaji ya msingi. 50 hadi 65 ni mwenye utaratibu unaofanya kazi na kujibu mahitaji kwa jumla. Mzee aliona hospitali ambayo zahanati zake ziko gizani. Mwalimu aliona rejista ya hospitali kuu, ambayo kwa kweli ilikuwa imepangwa vizuri. Ile 50 ilieleza hospitali ya tatu ambayo haikuonwa na yeyote, na yule atakayeisoma hatajua kama asifiwe kwa rejista au akimbilie zahanati. Ndiyo 67 na nusu ya mpwa wangu. Kitu kizima kikiwa na nusu nzuri na nusu mbovu, wastani unaificha mbovu na kuinyima sifa nzuri.

Kwa hiyo alama ninaiweka mwisho kabisa. Maoni sita yakishapita, mmoja wetu anayasoma kwa sauti, mema na fursa, bila kusimama. Kisha nauliza: mtu anayeelezwa hivi yuko ngazi gani? Ngazi kwanza. Kila mmoja ananitumia jibu kwa ujumbe wa simu, wote kwa pamoja, ili mdogo asimfuate mkubwa. Ngazi ikijulikana, kupanda au kushuka ndani yake kwa tano tano ni kazi ya dakika tatu. Mara nyingi alama za awali zilizotengana kwa thelathini zinarudi zimetengana kwa tano, na hakuna aliyelazimishwa.

Kwenye kile kipengele cha malalamiko tuliishia 45. Mwalimu alisema anaweza kulibeba. Mzee alisema hata 40, lakini analibeba.

Uzi unaokatika

Msimu wangu wa kwanza kama kiongozi tulimaliza mapema, nikajisifu. Wiki chache baadaye mwombaji akauliza, kupitia ofisi, kama ripoti ile iliandikwa na timu moja. Sehemu ya wafanyakazi tulikuwa tumewasifu kwa mafunzo yanayolingana na mkakati wao. Sehemu ya mkakati tukawaambia haionekani jinsi mafunzo yanavyolingana na mkakati. Waandishi tofauti, usiku tofauti, na mimi kiongozi nilisoma kila kipengele peke yake. Sikuwa na la kujitetea. Ripoti ya namna hiyo inaondoa imani hata kwenye yale mliyosema sawasawa.

Tangu hapo, kabla ya kikao cha mwisho, nachora jedwali. Kushoto naandika mambo yanayojirudia: malalamiko, mafunzo, wasambazaji, usalama, data. Juu naandika vipengele vyote. Nilivyofundishwa navyo vilikuwa kumi na saba. Penye jema naweka alama ya kujumlisha, penye fursa naweka ya kutoa. Kisha nafuata kila mstari kwa kidole. Mstari wenye zote mbili unasimamisha kazi. Si lazima kimoja kifutwe: inawezekana utaratibu ni mzuri na haujasambaa, na hapo maoni yote mawili yanabaki ila kila moja linatajwa kwa mwenzake, ili msomaji aone kwamba tunajua. Lakini ikiwa ni ubishi uleule umejificha katika vipengele viwili, waite waandishi wote wawili kwenye simu, nawe uwe na maji ya kunywa.

Hatua hii huchukua jioni moja. Usimwachie mhariri. Mhariri atalainisha sentensi mpaka mgongano usionekane, na hapo ndipo unakuwa hatari.

Kwa kamati ndogo

Mpwa wangu alinijibu kwamba wao hawana wiki sita wala tuzo yenye alama 1,000. Wana vikundi tisa, ukumbi wa kuazima na chai ya saa nne. Sawa. Nikamwambia hivi: kila mjumbe aandike mambo manne tu kwa kila kikundi, mawili mema na mawili ya kuboresha, nyumbani kwake, akitaja alichokiona, iwe kwenye fomu au kwenye sampuli waliyoionja. Asubuhi, kabla ya chai, wakubaliane kikundi ni nani na kinamuuzia nani. Halafu dakika arobaini kwa kikundi, vipande mezani, aliye mdogo aanze. Swali la ukurasa waligeuze: umeliona wapi? Na alama mwisho, ngazi kabla ya namba.

Akaniuliza wafanye nini na ile siagi ya karanga. Nikamwambia airudishe mezani, aitafute nusu iliyokuwa imejificha. Kumbe waliotoa 75 walikuwa wameonja, na waliotoa 60 walikuwa wamesoma fomu, ambayo haikueleza karanga zinakaushwa vipi wala zinahifadhiwa wapi. Yeyote anayejua habari ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye karanga, ataelewa kwa nini hilo si jambo la kugawanya katikati. Sasa wana maoni mawili ya kuwaandikia akina mama wale, moja tamu na moja la lazima, na walikuwa nayo tangu siku ya kwanza.

Mkishasaini, kusanya kila karatasi yenye jina la mwombaji, na zile za kwenye bahasha pia. Futa mafaili, hata yaliyojificha kwenye simu. Mimi vipande vyangu vyote navipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi, kilo kadhaa kila msimu, halafu napangusa gundi mezani, na familia inarudi kula sebuleni.